Nyama Iliyomfunga Babu

Mwaka wa 1964, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na shida ikaanza. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuosha matumbo kwenye kichinjio cha Keumbu. Nilinuka mavi ya ng'ombe mpaka wenzangu wakanikimbia. Mama akaniambia, "Wewe umebeba jina la babu yako. Alimpiga askari wa Mzungu, akafungwa, akapelekwa Mombasa kuvunja mawe, hakurudi. Mtu wa damu hiyo haogopi mavi." Nikaamini. Jina hilo lilinisimamisha mpaka nikafungua bucha yangu mwenyewe.

Mwaka jana akaja mtoto wa marehemu ndugu yangu, anatafuta kura za kiti cha wadi. Suti imembana, viatu vimechongoka. "Baba mkubwa, tumjengee shujaa wetu mnara hapa nyumbani. Watu wajue sisi ni nani. Wewe toa simiti tu."

Simiti nikanunua. Lakini mimi sinunui ng'ombe bila kumfungua mdomo. Nikasema kwanza nijue alifungiwa nini hasa, na alizikwa wapi.

Wazee niliowauliza waliangalia chini, wakaanza habari za mvua. Mmoja tu, wa Nyakoe, ndiye alisema, "Kesi ilitoka upande wa Nyamira. Kuna mama mzee amebaki huko. Muulize, kama atakukubali ukae."

Mtu haendi kwa mzee mikono mitupu, sembuse mtu wa bucha. Nikabeba mguu mzima wa mbuzi, umechinjwa asubuhi hiyo, muhuri wa daktari wa mifugo juu yake. Yule mama akaupokea vizuri, akaniwekea kiti. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa nani. Akauachilia ule mguu kama ameshika nyoka.

"Weka nje."

"Magokoro," nikamwita, kama mtu anavyomwita nyanya yake, "ni mbuzi. Ni safi."

"Hata babu yako alisema ni safi."

Ndipo akaniambia. Kimeta kiliua ng'ombe wa babu, serikali ikaamuru wazikwe. Babu akafukua mmoja, akamkatakata, akafunga nyama kwa majani ya ndizi, akavuka mto kuja kuwauzia watu wa huku kwa vikapu vya wimbi. Huku hawakumjua, na ilikuwa njaa.

"Kaka zangu wawili walikula," akasema. "Mimi nilikuwa wa kunyonya, sikuwa na meno. Ndiyo maana unaniona. Kwetu hatuli nyama ya ukoo wenu mpaka leo."

"Na askari?"

"Oo, alimpiga! Akikimbia na wimbi wetu mgongoni." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Alimaliza kifungo. Mtu wetu alimwona Mombasa, amenenepa, anauza samaki. Nyanya yako alikuwa bado anamngoja."

Nilitoka nikatapika kwenye majani chai yake. Mimi, niliyekulia ndani ya matumbo, tumbo halijawahi kunigeuka. Nyama ya kaburini! Na mimi miaka yote nilikuwa nikipiga kifua kwa jina la mtu huyo.

Kijana nilipomweleza hakushtuka. "Baba mkubwa, nani anajua hayo? Mama huyo ni wa leo au kesho. Hata wewe fikiria bucha yako. Ukisema, nani atanunua?"

Hapo ndipo nilichukia zaidi. Babu aliuza mzoga. Huyu alitaka kuufukua tena auze mara ya pili, na mimi nishike kisu. Na kuhusu bucha alisema kweli, najua. Mtu wa bucha anaishi kwa kuaminiwa.

Siku aliyoita watu kuchanga pesa za mnara nilisimama nikasema yote, hata habari za wale watoto wawili waliokufa. Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kumbe ndio maana supu yako ni tamu, mzee!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikaa chini. Wateja wengine walihamia kwa jirani, na hawajarudi. Waende. Kijana hanisalimii, nami simtafuti. Ile simiti nilijengea choo.

Leo niko na bucha moja Keumbu. Ploti Masimba, haijajengwa. Chai ekari mbili. Migomba. Ng'ombe wa maziwa wanne, wote wamechanjwa. Nyumba ya mawe. Choo kipya.