Sare za Ukurasa wa Arobaini

Jamani, naona aibu, lakini nacheka. Nilipokuwa nikirudi Guangzhou, China, kutoka Dar, Shangazi alinipa vitabu viwili. Cha historia ya densi za Marekani nikipeleke kwa fundi wa mtaa wa Kangle, ashone sare za harusi kama picha ya ukurasa wa arobaini. Cha hadithi za kale za Waingereza kilikuwa zawadi ya mjukuu wake anayesoma huku.

Mimi mjuaji, bila hata kufungua, nikampa fundi cha hadithi.

"Shangazi, fundi nimemsimamia mimi mwenyewe," nikamwambia kwa simu, nimelala chali chumbani kwangu Sanyuanli.

Mzigo ulipofika Dar akapiga simu ya video. Akina mama kumi, majoho meusi, kofia zilizochongoka, wanacheka mpaka machozi.

"Haya, msimamizi," akasema Shangazi, "na nyungo zetu za kurukia umezipakia wapi?"