Nassor, roketi yake, na neno nililomficha

Ujumbe wa shemeji Zuwena, mke wa Nassor, nimeusoma mara tatu tangu jana asubuhi na kichwa bado kinakataa. Nassor? Nassor huyu huyu wangu?

Moyo, wanasema. Alikaa kunywa chai, akaenda. Alasiri tulishakuwa makaburini, mimi na viatu vya site miguuni, hata kubadilisha sikuwahi.

Kwa wasionijua, mimi ni Wafula, fundi wa AC, Mkenya, niko Muscat tangu miaka ya tisini. Nassor alikuwa Mwomani mzaliwa wa Unguja, karani kwenye ofisi moja pale Al Khuwair. Nilikwenda kutengeneza AC yao, nikaona roketi ya karatasi ngumu juu ya meza yake, nikauliza.

Weh! Saa nzima akanieleza. Roketi hizi ndogo huruka kweli, na injini zake hupangwa kwa herufi, na kila herufi ina nguvu maradufu ya iliyotangulia. Boss wangu alinipigia simu mara nne nikiwa bado nasikiliza.

Leo nawaona wenzake wa ofisini mnaandika "legend", "genius wetu". Jamani. Si ninyi mliomwita Nassor Fataki mkashika mbavu? Futeni hizo post.

Lakini mimi ni mbaya kuliko ninyi, na ndiyo sababu naandika. Kuna jambo nilimficha Nassor miaka yote hii, na sasa hawezi tena kulisikia.

Tulianza na viroketi vidogo vya A na B, Ijumaa asubuhi, siku yetu ya off. Tukapanda pole pole hadi E, F, mpaka G.

Kimoja kiliangukia juu ya paa la mzee mmoja kule Qantab. Nassor akaingia kuomba radhi, na kwa Waomani huelezi shida yako kabla ya kahawa na habari za nyumbani. Nilipikwa na jua garini saa nzima na nusu. Alitoka na roketi, sahani ya tende na mwaliko wa harusi.

Ukivuka G mambo hubadilika. Kwa H unahitaji cheti: uunde roketi mwenyewe, uirushe mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kukutilia saini, na irudi na parachuti ikiwa nzima.

Nassor alikitaka cheti kile kuliko kitu chochote. Akikipata angeomba kibali cha kudumu cha kurusha, afundishe wengine. Miaka miwili alizunguka na faili, leo ofisi hii, kesho ile, njoo wiki ijayo.

Mwishowe akapatikana muhandis mmoja mgeni mwenye mamlaka hayo, na mkataba wake ulikuwa unaisha wiki ile ile. Kibali kikatoka, cha asubuhi moja tu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa sebuleni kwake, AC imefunguliwa mpaka mwisho, hewa kavu. Alimaliza kila kitu, akaenda msikitini kuswali magharibi. Sheria yake ilikuwa moja: usiongeze kitu bila kumwambia.

Nikaishika roketi kwa pua, nikaitikisa, nikaiona pua inacheza. Nikaichomoa, nikazungusha tepu ya karatasi mara mbili kwenye shingo yake inayoingia ndani ya bomba, ili ikaze. Sikumwambia. Nilijiona fundi.

Asubuhi tulikuwa uwanda wa changarawe karibu na bahari, hewa imelowa. Tulimsubiri afisa wa kibali kwa muda wa saa mbili, roketi imesimama nje. Karatasi ngumu ikinywa unyevu huvimba. Na mimi ni mtu wa AC! Kila siku naeleza wateja unyevu wa Muscat unafanya nini.

Nassor akaijaribu pua. "Mbona imekaza leo, Wafula? Umeigusa?"

"Sijaigusa," nikamwambia. "Twende."

Akaniamini. Ilipaa vizuri ajabu, Nassor anapiga kelele kama mtoto. Kule juu tukasikia mlio mdogo wa baruti inayotakiwa kuisukuma pua nje ili parachuti ifunguke. Pua haikutoka. Roketi ikarudi kichwa chini, ikajichimbia kwenye changarawe.

Nilikimbia nikafika wa kwanza. Nikaichimbua, nikaichomoa pua, nikaibandua ile tepu, nikaitia mfukoni. Ndiyo, nilifanya hivyo.

Muhandis akampa mkono wa pole, akaondoka wiki ile. Kibali cha pili hakikutoka. Khalas.

Nassor alikaa chini pale pale. "Nnajijua mimi," akasema. "Parachuti nimeikunja vibaya, ikaibana pua."

Miaka na miaka aliwasimulia wageni kisa hicho akijicheka mwenyewe, na mimi nimekaa hapo hapo nakula wali wake. Hakuunda roketi nyingine tena. Nani angenipiga nikisema? Hakuna. Nilikuwa mwoga tu.

Mwezi uliopita alinipigia simu, katikati ya maneno mengine akaniuliza, "Hivi ile parachuti ningeikunja vipi?" Nikamwambia wacha hayo, yashapita. Nikabadilisha mazungumzo, nikaleta habari za mpira.

Shemeji Zuwena, najua utasoma. Ukinifungia mlango nitaelewa.

Nassor, nilipoichimbua roketi yako siku ile niliitoa parachuti kwa mikono yangu. Ilikuwa imekunjwa sawasawa, mkunjo juu ya mkunjo, kamba hazijasokotana hata moja. Niliiona kwa macho yangu, nikanyamaza.

Hukukosea, ndugu yangu. Mola akulaze pema. Niliyekunyima cheti chako ni mimi.