Kioo Kilichokataa Vidole Vyake

Mume wangu alikuwa mkata miwa Ramisi tangu kabla hatujaoana, na jioni zake zote alizimalizia kwenye baraza ya duka la jirani, akicheza dama kwa vifuniko vya soda. Akishinda, mtaa mzima ulijua. Akishindwa, ulijua zaidi. Kisha siku moja akaanguka kutoka juu ya lori lililopakia miwa, uti wa mgongo ukaumia. Miguu ikafa ganzi. Mikono ilibaki na uhai kidogo, lakini vidole vilijikunja, na ngozi yake ilikauka kama majani ya mkorosho.

Mwanzoni wenzake walikuja. Waliketi ukingoni mwa kitanda, wakasema, "Mungu atakuafu," wakatupia jicho ile miguu, wakaaga. Mmoja alileta ubao wa dama, lakini mume wangu hakuweza kuketi wima, na kila alipojitahidi kusogeza kete moja, zote zilimwagikia shukani. Yule rafiki akaziokota, akaondoka na ubao wake. Hakurudi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe kuna asubuhi nilizosimama nje ya mlango nikijikaza kwanza ndipo niingie.

Halafu akaacha kula. Nikimpelekea uji, anafumba mdomo. Alasiri moja akaniambia, "Mama watoto, nigeuze nitazame ukuta."

"Ukutani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndicho nikitakacho."

Muuguzi aliyekuwa akija kumfunga kidonda cha mgongoni alichokipata kwa kulala alinivuta hadi uani. "Dada, akili yake haina pa kushika," alisema. "Mtafutie cha kumshughulisha, la sivyo hata hizi dawa hazitamfaa."

Nikatafuta mchezo wa dama kwenye simu yangu. Niliishika mbele ya macho yake, aniambie pa kubonyeza nami nibonyeze. Kete zilikuwa ndogo kama mtama. Yeye hakuziona vizuri, mimi nikakosea, akafumba macho akasema nimwache. Ndipo nduguze walipochanga, nami nikaenda Ukunda kumtafutia tableti.

Dukani alikuwako binti mmoja wa bara, mchangamfu, kucha zake ndefu zenye rangi. Aliniwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa pana, nyembamba, na picha zake ziling'aa hata nikaona magamba ya samaki moja moja. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, imevishwa gamba zito la mpira, kioo chake kimefifia, na ubavuni imechomekwa kalamu.

"Mathe, chukua hii kubwa," binti alisema. "Skrini yake ni moto. Hii ingine ni ya watoto wa shule, wanachorea tu."

"Yuko kitandani," nikamwambia. "Hashiki vitu vizuri."

"Basi kubwa ndiyo poa. Ataona kila kitu bila kusumbuka."

Niliishika moja, nikaiweka, nikaishika nyingine. Sikujua nachagua kwa kipimo gani. Wateja wengine walikuwa wakiuliza michezo na filamu, wakicheka. Mimi niliona kwamba nikikosea hapa, mtu atakufa nyumbani kwangu akitazama ukuta. Nikampigia simu. Mwanangu mkubwa akamwekea sikioni.

"Wataka ipi, mume wangu? Kubwa yenye picha safi, au ndogo yenye kalamu?"

"Maiti hachaguliwi rangi ya sanda," alisema. "Leta utakacho."

Nililia palepale dukani, mtu mzima, mbele ya watoto wa watu. Binti akanisogezea stuli. "Pole, mathe. Usilie. Kama haitamfaa, irudishe bila mkwaruzo, nitakubadilishia." Nikachukua ile kubwa, kwa sababu ilikuwa nzuri, na nilitaka aone nimemletea kitu kizuri.

Nilipofika nyumbani nilimwinua kwa mito, nikaiegemeza kifuani pake, nikafungua dama. Ubao ukajaa kioo kizima. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke niliona macho yake yakitafuta kitu. Akaukokota mkono wake wa kulia, akaweka kidole juu ya kete.

Haikusogea.

Akabonyeza tena. Akakandamiza. Mimi nikigusa, kete inatii. Yeye akigusa kwa ngozi ile kavu, kioo hakihisi lolote. Nikaosha vidole vyake kwa maji ya moto. Nikavipaka mafuta ya nazi. Nikavipulizia pumzi kama anayewasha jiko. Kioo kikakataa. Kisha tableti ikateleza kutoka kifuani ikampiga kidevu, naye hakuweza hata kuiondoa.

Nilipoiinua, alikuwa akitiririkwa na machozi hadi masikioni. "Umeona?" alisema. "Hata kioo kinajua kuwa sipo."

Nilimgeuza ukutani mwenyewe, bila kuombwa, nikaenda nikaketi jikoni karibu na moto uliokuwa umeshazimika. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika.

Kesho yake nikarudi Ukunda. Binti aliigeuzageuza ile tableti akitafuta mkwaruzo, uso umemkunjamana. Nikamweleza yaliyotokea, hadi neno alilosema mume wangu juu ya kioo. Aliichomoa kalamu ya ile ndogo akanipa, akaniambia niishike kwa kiganja bila kutumia vidole. Nikachora mstari, ukaonekana. Nikabeba.

Kalamu ilikuwa nyembamba mno, ikimponyoka. Nikaizungushia kitambaa cha leso iliyochakaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikanenepa, kisha nikaifunga kiganjani mwake. Nikaweka tableti juu ya mto wenye mchanga ili isiteleze. Hakutaka kujaribu. Nilimbembeleza, kisha nikamfokea, nami sijawahi kumfokea maishani mwangu. Kwa hasira akagusa kete.

Ikasogea.

Ile mashine ilimla kete zote. Alicheza tena, ikamla tena. Ndipo nikasikia kutoka chumbani, "Mwizi huyu! Mwizi mkubwa!" Nilikuwa nafua, nilisimama na povu mikononi, nikaogopa kuingia nisije nikaivunja ile sauti.

Sitasema kwamba alipona moyo. Zipo siku ambazo huiacha tableti izime kando yake, nami hurudi kule kule kwenye uji usiolika. Kidonda cha mgongoni kinafunga na kufunguka. Ila wiki iliyopita alichoka na mashine, akaniambia ina akili lakini haina aibu, akanitaka nicheze naye mimi. Sikujua dama. Akanifunza, kwa ukali, kama alivyokuwa akiwafokea wenzake kule barazani. Nikaona nafasi ya kumla kete mbili, nikajifanya sikuiona.

"Nimekuona," alisema. "Usinihurumie, mwanamke. Nile."

Nikamla.