Sehemu Yangu ya Alhamisi

"Na sehemu yako ya mwethya atachimba nani?"

Baba aliniuliza hivyo jioni niliyomwambia nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand. Kwetu Matinyani, kila Alhamisi asubuhi kikundi chetu cha wanawake cha mwethya, cha kusaidiana kazi kwa zamu, huenda shamba la mwanachama mmoja kuchimba mitaro ya kushika maji ya mvua. Jina linaitwa, unaitikia, unapimiwa hatua zako za kuchimba. Ukikosa mara tatu unafutwa, na shamba lako halifikiwi. Nilipomaliza chuo kikuu bila kazi, baba alinikatia kipande cha mteremko. Mwaka mzima nilikuwa nimechimbia wengine nikingoja wafike kwangu.

"Wanifute," nilisema. "Kwani mtu hawezi kuondoka bila ruhusa ya jembe?"

Baba akaenda kufunga zizi.

Jumatatu asubuhi mama, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, alinisindikiza hadi barabarani polepole. Baba alibaki zizini. Nilipitia Wote, nikalala Sultan Hamud kwa shangazi Kanini, dada yake baba, mwenye duka kando ya barabara kuu.

"Mmeagana na baba yako?"

"Alikuwa anaangalia mbuzi."

"Huyo ndugu yangu, neno lake utalitoa kwa koleo."

Thailand, mashamba ya mpunga yanafika hadi ua wa shule. Maji yamesimama tu, hakuna anayeyahangaikia. Siku ya kwanza niliyatazama mpaka viatu vikalowa.

"Nyumbani mnaongea Kiingereza?" aliniuliza Ploy, mwalimu aliyenipokea.

"Tunaongea Kikamba."

"Basi ulijifunza kama sisi."

"Nyinyi mlichapwa?"

Akacheka. "Usiwaambie watoto."

Kila asubuhi niliita majina darasani, na watoto wakaitikia kwa lugha yao kwamba wamekuja. Mtu anayeuliza maswali kama mimi alipaswa kujiuliza kwa nini wanahitaji Kiingereza. Badala yake nilijiuliza kama jina langu bado linaitwa kule mteremkoni, na kama kuna kimya baada yake.

Alhamisi vipindi viliisha saa tisa, nyumbani ikiwa saa tano asubuhi. Ndiyo siku niliyopata nafasi ya kupiga simu.

"Mwaitu, baba yuko?" nilimuuliza mama.

"Ameenda Zombe kutafuta mbuzi."

"Kila Alhamisi?"

"Kwani mimi ndiye nimempangia? Niambie, huko unakula nini?"

Nilielewa kwamba baba hataki kuongea nami. Nikaacha kumuulizia.

Baada ya miaka miwili nilirudi kwa njia ile ile. Sultan Hamud, shangazi alinigeuza viganja akavitazama. "Laini kama mkate. Watakucheka."

Matinyani nilikuta mteremko wangu umechimbwa mitaro kutoka juu hadi chini, nyasi zimepandwa kingoni.

"Nani alichimba?"

"Mwethya," mama alisema.

"Si nilifutwa?"

"Nani alikwambia?"

Baba aliingia na mbuzi wake. "Umekula?"

"Nimekula, baba."

Akaenda kufunga zizi.

Alhamisi nilibeba jembe. Mama Kyalo, katibu wa kikundi, alifungua kitabu. "Mwende!"

"Niko!"

Akina mama wakaangua kicheko.

"Leo Mwende ana sauti nyembamba!" mmoja akasema, na wengine wakacheka zaidi. Nilidhani wananicheka kwa kukaa ng'ambo. Nikainama nikachimba, na kufikia saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge.

Miaka mitatu ilipita kabla shangazi Kanini hajanieleza kicheko kile. Baba alikuwa amewakataza wote wasiniambie, akihofia kwamba nikijua nitaacha kazi nirudi, na hata niliporudi hakuondoa katazo hilo. Hakuwa Zombe. Kila Alhamisi ya ile miaka miwili Mama Kyalo aliposoma jina la Mwende, mwanamume mmoja katikati ya wanawake aliitikia, "Niko," akapimiwa hatua zangu.