Ule Uyoga Mweupe wa Kavira

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi mwaka ule wa uasi wa kwanza hapa Kongo, kabla ya vita hizi zingine ambazo wajukuu wangu wanazihesabia umri wao. Tulikimbia Butembo tukajificha porini nyuma ya Vuhovi, jamaa nne chini ya majani ya migomba. Mama alikufa akimzaa mdogo wangu Kavira, kwa hiyo bibi yetu, tuliyemwita mukaka, ndiye alikuwa mama.

Mukaka alikuwa na mwiko ambao hata Papa wa Roma asingemwachisha: chuma hakigusi uyoga. Unaingiza vidole udongoni, unafuata mguu wake mpaka mwisho, unautoa mzima. Ukikata na kisu, alisema, mchwa wenye kichuguu wanakasirika, wanaugeuza kuwa sumu ukiwa mkononi mwako. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, basi alipapasa kila mguu kwa vidole, midomo ikicheza kama anasali rozari, ndipo auweke chunguni. Mimi nilikuwa mwaka wa nne shuleni kwa masista, nilijua kila kitu. Katekista alisema miiko ni mambo ya wapagani. Nilimwamini upesi, maana sikupenda udongo kwenye kucha.

Mchana mmoja mvua ilipokatika nikatumwa kwenye kichuguu pamoja na Kavira, aliyekuwa na miaka minne na njaa ya watu wanane. Bunduki zikalia upande wa barabara. Hazikuwa karibu, lakini woga wangu ulikuwa karibu. Nikatoa kisu cha kumenyea mihogo, nikakata harakaharaka. Hatua chache kutoka kichuguu ulisimama mmoja peke yake, mweupe, mzuri kuliko yote. Nao nikaukata. Tuliporudi mafichoni Kavira alikuwa bado analia, nikamchomea ule mweupe kwenye makaa, ndani ya jani. Alikula peke yake, akalamba hata jani. Ile mingine nikampelekea mukaka.

“Miguu yake iko wapi?”

“Imevunjika, mukaka. Tulikimbia.”

“Uling’oa na mukono?”

“Na mukono.”

Alinusa, akasita, akapika. Njaa ilikuwa kali. Tulikula sote, hakuna aliyeumwa.

Asubuhi Kavira aliamka mzima. Kati yetu alikuwapo mwanamke mmoja Mwislamu wa Beni, Mama Zaina, ambaye mume wake dereva wa lori alishuka na mzigo Kanyabayonga na hakurudi. Mtoto wake Zaina alibaki kwa wakwe. Nadhani alimwona Zaina ndani ya Kavira, maana alifungua fundo la kanga, akatoa sukari, akampikia uji. Saa sita Kavira alianza kutapika na kuhara.

“Leo nani alimupa chakula?” wanaume wakauliza.

“Ule wa Beni.”

“Sukari? Siye hata chumvi hatuna, yeye iko na sukari?”

Siku ya tatu Kavira akasimama, akacheka, akaomba uji tena. Nilimshukuru Bikira Maria kwa sauti. Siku ya nne macho yake yakawa manjano. Siku ya tano tulimzika bila padri.

Basi wakasema Mama Zaina ni mulozi, amemroga mtoto, atoke. Kutoka maana yake ilikuwa kushuka barabarani, na barabarani walikuwa wenye bunduki. Hakuna mtu pale asiyejua hivyo. Mukaka alinivuta nyuma ya mgomba, akanishika uso kwa mikono miwili.

“Masika. Ile siku, kulikuwa uyoga mwingine ambao sikugusa?”

Alijua. Alitaka tu kinywa changu, kwa sababu wanaume wasingemsikiliza bibi kipofu na mchwa wake.

“Hapana, mukaka.”

Mama Zaina hakupiga kelele. Alifunga kitambaa chake, akasema, “Ile sukari ilikuwa ya mwisho. Nilimupa mutoto wenu.” Mmoja akamjibu, “Enda kamupe shetani!” Wengine wakacheka. Alishuka kilima na hatukusikia habari yake tena. Mukaka hakunigombeza, wala hakunituma tena kutafuta uyoga mpaka alipokufa.

Sasa ni mzee, nakaa Mulekera kwa binti yangu. Juzi alikuja msichana mmoja aliyesomea uyoga tu, maisha yake yote; ziko kazi za namna hiyo. Alitukusanya sisi wamama, akamwaga kikapu juu ya turubai, akaonyesha mmoja mweupe ambao chini ya mguu wake kuna kama kikombe.

“Bamukaka, hapana kata na kisu. Mukikata, kikombe kinabaki mu udongo, na kile ndiyo kinasema huu unaua. Tena sumu yake inakawia. Unakula leo, tumbo linakamata kesho. Kisha inakudanganya: unapona siku moja, kumbe ini linaoza.”

“Na kama mtu alikunywa uji ile asubuhi?” nikauliza.

“Uji hauna kosa, mukaka.”

Wenzangu walicheka swali langu. Kichwa cha mzee, wakasema. Niliwaacha wacheke.

Yule msichana wa uyoga hakunifundisha kitu nisichokijua. Alininyang’anya tu ile *labda* niliyokuwa nailalia miaka yote: labda kweli ilikuwa sukari. Kumkatia Kavira ule uyoga nilijisamehe zamani. Nilikuwa mtoto, nilimpa kizuri kuliko vyote. Lile hapana nililolisema nyuma ya mgomba ni jambo lingine. Mtoto wa miaka kumi anajua barabara ina nini.

Mwezi wa kumi na moja, padri anaposoma majina ya marehemu, naandikisha la Kavira na la mukaka. Ningeandikisha na la yule mwanamke, padri akatae mwenyewe akitaka. Lakini Zaina lilikuwa jina la mtoto wake. La kwake hakuna aliyemwuliza.