Namba Niliyoikuta Wazi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoteremka mbio hadi mjini Kisii nikiwa na disketi mbili mkobani, moyo ukinidunda kwa furaha. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimeandika seva yangu ya kwanza, programu ndogo ya kuwawezesha watu wa ofisi moja kutumiana ujumbe. Nilitaka kuitoa bure kwenye mtandao, msimbo wake wote wazi, yeyote aichukue na kuirekebisha. Hata leo nikisimulia nasisimka!

Sasa, kila seva huhitaji poti, ile namba ambayo kompyuta nyingine huifikia kwayo. Mwandishi ndiye huchagua namba ambayo programu itakuja nayo. Mimi nilichagua 8080. Ilikuwa rahisi kukumbuka, na kwenye mashine ya chuoni niliikuta haitumiki. Utafiti wangu uliishia hapo, usinicheke.

Mzee Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ofisi ambamo watu pia walilipia kutumia kompyuta zenye mtandao, alinikubalia niijaribu kwenye kompyuta yake kubwa kabla ya kufungua duka, kisha niitume duniani kupitia mtandao wake. Sikujua mahali pengine pa kupata mtandao. Niliiweka, nikaizima kompyuta na kuiwasha tena, seva yangu ikaamka. Nilipiga vigelegele peke yangu!

Wateja walipoingia, mtandao haukupatikana kwenye kompyuta hata moja. Programu iliyowagawia mtandao ilikuwa kwenye kompyuta hiyo hiyo kubwa, ikitumia 8080 siku zote, na yangu ilikuwa imeitangulia kuamka; poti moja haikaliwi na programu mbili. Mwalimu mmoja aliyekuja kutuma maombi ya chuo, siku ya mwisho kabisa, akaanza kutokwa na jasho. Nami nikawaza: Mzee akinifukuza, kazi yangu itabaki mkobani.

Mzee Jayanti hakupaza sauti.

"Moraa, mama yako anauza ndizi sokoni Nyamache, sivyo? Akifika mapema kabla ya wengine, anakaa tu mahali anataka?"

"Hapana, Mzee. Kila mtu ako na mahali pake."

"Na kama huyo mtu hajafika?"

"Anangojewa."

"Basi toa hiyo kitu yako kwa mahali ya mwenyewe."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Niliitoa mara moja, mwalimu akatuma maombi yake, nami nikamwomba radhi. Kisha nikafungua orodha ya namba za poti inayotunzwa hadharani kwa ajili ya watu wote, nikaipekua hadi nikapata namba isiyo na mwenyewe, nikawaandikia wanaoitunza kuomba niandikishiwe namba hiyo, nikangoja wiki kadhaa hadi jibu likaja. Nikarekebisha programu ili kila mtumiaji aweze kubadilisha namba hiyo. Nikarudi dukani, na kufikia saa nane siku hiyo programu zote mbili zilikuwa zikifanya kazi pamoja! Mzee Jayanti alicheka, akaniambia, "Haya, tuma." Nikatuma, nikapiga vigelegele tena.

Mwanangu, namba kuwa wazi kwako hakumaanishi kwamba ni yako. Angalia orodha, uliza, ngoja jibu. Mwachie mtumiaji uhuru wa kuibadilisha, maana humjui wala hujui ana nini tayari. Na ukishaitangaza, usiihamishe ovyo. Kazi yako itaingia kwa watu ambao hutawaona kamwe, basi iingie kwa adabu.

Mungu aibariki mikono yako, na kila mashine itakayoipokea kazi yako iamke nayo kwa amani.