Kocha wa Narung'ombe na goli lililochipua majani

Saa kumi jioni Ismaily Nandonde anapuliza filimbi, na wasichana kumi na wanne wa Narung'ombe wanaanza kukimbia kuzunguka uwanja. Wakifika goli la upande wa mikorosho, wote wanapita mbali. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Mlingoti wa kushoto wa goli hilo umechipua. Ni mti uliokatwa, ukachongwa, ukapigwa misumari, na sasa kiangazi kimepamba moto nao una majani mabichi. Chini yake kuna unga mweupe uliomwagwa leo asubuhi.

Ismaily, 34, ni fundi seremala mjini Ruangwa. Useremala humlisha, lakini ukocha ndio unaomsomesha mkewe uuguzi Nachingwea. Siku tatu kwa wiki hupanda pikipiki kuja hapa, na kamati ya michezo ya kijiji humlipa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mkewe amebakiza mihula mitatu.

"Bila hiyo themanini angesharudi nyumbani," anasema. "Siku hizi watu wananunua vitanda vya chuma."

Kosa alilifanya Machi, kamati ilipomtaka atafute milingoti. Badala ya kununua akajifanya mjanja, akakata misolo miwili iliyosimama pembeni ya uwanja. Huku Kusini msolo ni mti wa kuombea: wazee humwaga unga shinani, huwataja waliotangulia, kisha humtaja anayeombewa kwa jina lake kamili. Msolo wenye unga haukatwi. Anaapa kwamba aliangalia shinani kabla ya kukata. Mvua ya usiku ilikuwa imeufagia unga wote.

Mmoja ulikuwa wa ukoo wa Bi Mwantumu, mkulima wa ufuta jirani na uwanja. Hakugomba. Alikuja na sahani yake, akakuta kisiki, akaufuata mti wake hadi uliposimamishwa, akamwaga unga pale.

Tangu hapo upande ule halijafungwa hata bao moja. Ismaily alikuwa akicheka, akisema wasichana hawana shabaha. Aliacha kucheka siku golikipa wake, Zulfa, alipotoka langoni mazoezi yakiendelea, akaja kuketi katikati ya uwanja.

"Kochi, kuna mtu nyuma yangu," alimwambia. "Nikishusha pumzi, na yeye anashusha."

Wazazi wakasikia. Wawili wakawatoa mabinti zao, na kamati ikampa kocha hadi mwisho wa mwezi: amalize jambo hilo au mazoezi yafungwe. Ismaily anakiri kwamba kwanza aliogopea fedha. Hofu ile nyingine ilikuja baadaye, nayo haijaondoka.

Akaenda kwa Bi Mwantumu kuomba radhi na kujitolea kuung'oa ule mlingoti. Bibi akakataa katakata. "Ukiung'oa, mjukuu wangu, sisi tutasemea wapi?"

Basi akaja na mpango mwingine: anunue milingoti ya chuma kwa shilingi 150,000, alisogeze goli hatua ishirini ndani, msolo abaki nao bibi na watu wake. Akamwomba bibi amtafutie ruhusa kwa wenyewe, wale waliotangulia, na awaeleze kwamba kuna mwanamke anayesomeshwa na uwanja huu.

Juzi asubuhi bibi alianza kwa bismillahi, akamwaga unga, akasema kwa Kimwera muda mrefu. Ismaily alisimama nyuma yake, amevua viatu.

"Wamekubali usogeze," bibi alimwambia akikung'uta sahani. "Na habari za mkeo wamezisikia. Wanauliza anaitwa nani."

Ismaily akavaa viatu, akaomba apewe siku chache. Jina likishatajwa pale, mtu amewekwa mikononi mwao, na hakuna aliyewahi kumweleza Ismaily jinsi ya kumtoa. Lakini bila jina, bibi amesema, ruhusa haijakamilika, na mwezi unaisha Jumapili.

Jumamosi anatakiwa kupeleka jibu. Bado anatumaini kumwona mkewe amevaa sare ya muuguzi. Amefikiria hata kutaja jina la uongo, akaliogopa wazo lake mwenyewe. Mkewe mwenyewe bado hajaelezwa lolote. Gazeti hili nalo ameliomba lisiliandike jina hilo.